Wadogo Zangu, Bega la Nguruwe Halitaki Haraka

Wadogo zangu, leo tunaingia jikoni, na tutakaa humo siku nzima. Wengi wenu mnaniuliza kuhusu ile nyama ya nguruwe ya North Carolina inayochambuka kwa vidole. Mlioko Marekani mmeionja kwenye sherehe za wafanyakazi wenzenu na mnataka kuipika wenyewe Jumamosi. Mlioko Arusha, Mbeya au Nakuru mmeiona kwenye video, mkajiuliza mbona nguruwe mnayemjua, mtamu alivyo, hachambuki namna ile. Wote mnarudi kwenye swali moja: nifanyeje nyumbani kwangu, sina shimo la kuchomea wala jiko la mamilioni?

Nawajibu mapema. Jiko la mamilioni halihitajiki. Unahitaji kipande sahihi cha nyama, moto mdogo usiozimika, mfuniko, siki, na siku ambayo huna safari. Hicho cha mwisho ndicho kinachokosekana majumbani mwetu. Kitimoto chetu ni chakula cha haraka: kinakatwa vipande, kinakaangwa au kinachomwa juu ya moto mkali, unamaliza soda moja na sahani imeshafika na ndizi zake. Nakipenda sana. Ila hii ni kazi ya aina nyingine, na ukiiendea kwa mwendo wa kitimoto utapata nyama ngumu na kavu, kisha utailaumu nyama bure.

Kwanza mjue mnachopika. Watu wa North Carolina wenyewe wamegawanyika kambi mbili, na ubishi wao hauishi leo wala kesho. Mashariki ya jimbo, ukitoka Raleigh kuelekea baharini, nguruwe huchomwa mzima, na mchuzi wake ni siki, chumvi na pilipili, basi. Nyanya haisogei hapo. Upande wa kati na magharibi, ambako mji mdogo wa Lexington ndio makao makuu, wao huchoma bega peke yake, na siki yao huitia tomato sosi kidogo. Hata kabichi wanayokula nayo ni nyekundu kwa sababu hiyo hiyo. Lexington wana tamasha la nyama hii kila Oktoba tangu 1984. Ukishuka South Carolina unakutana na mchuzi wa haradali. Ukienda Memphis ni mbavu zilizopakwa viungo vikavu. Kansas City wanapenda mchuzi mzito, mtamu, wa nyanya. Huo mtamu ndio unaouzwa kwenye chupa dunia nzima, na ndio uliowafanya wengi waamini kwamba nyama ya kuchoma ya Kimarekani lazima iwe na ladha ya peremende. Si kweli.

Mimi nitawapeni bega la Lexington na siki ya mashariki. Nguruwe mzima haingii kwenye ua wa nyumba zetu, na siki tupu ndiyo inayokata mafuta ya bega vizuri kuliko mchuzi mwingine wowote.

Kuna jambo sitaki lipite kimya. Ufundi huu wa kukesha na makaa, kumgeuza mnyama mzima, kumpaka siki na pilipili usiku kucha, ulishikwa kwa vizazi vingi na mikono ya Waafrika waliokuwa watumwa Kusini mwa Marekani. Wao ndio waliochimba mashimo, wakapasua kuni, wakachunga moto kwenye karamu za mabwana zao. Baada ya uhuru wao, wengi waliendelea na kazi hiyo kwa ujira mdogo, huku sifa na majina ya maduka vikienda kwa wengine. Mwandishi Adrian Miller alitoa kitabu kizima juu ya historia hiyo mwaka 2021, kiitwacho Black Smoke. Leo mabingwa kama Ed Mitchell wa mji wa Wilson, North Carolina, na Rodney Scott wa South Carolina, aliyepewa tuzo ya upishi ya James Beard mwaka 2018, wanatambulika kwa majina yao. Ukiona nyama hii, usidhani ni kitu cha ugenini kabisa. Waliokilea ni ndugu wa mbali.

Haya, twende kwenye moto. Pale Ayden, mashariki ya North Carolina, kuna mkahawa uitwao Skylight Inn, uliofunguliwa na Pete Jones mwaka 1947. Wanachoma magogo pembeni hadi yawe makaa, halafu makaa hayo huchotwa kwa sepetu na kutandazwa chini ya nguruwe, kidogo kidogo, mchana na usiku. Nyama haioni mwali. Inapata joto la makaa na moshi mwepesi, na mafuta yake yakidondoka juu ya makaa yanarudi juu kama mvuke wenye harufu. Hapo ndipo penye siri yote, wadogo zangu: nyama inapikwa na makaa, mwali unabaki pembeni. Ukilishika hilo, mengine ni kurekebisha kulingana na ulichonacho.

Bucha

Nenda bucha uombe bega lenye mfupa, upande wa juu karibu na shingo, kilo tatu hivi. Likiwa na mafuta ya kutosha ndiyo zuri. Msiombe steki wala paja mkidhani mnachagua kilicho bora. Nyama isiyo na mafuta, ukiiweka motoni saa nane, itakauka. Bega lina misuli iliyofanya kazi, na katikati ya misuli hiyo kuna nyuzi ngumu zinazoishikilia. Nyuzi hizo zikikaa kwenye joto la taratibu kwa muda mrefu, huyeyuka zikawa ute laini. Ute huo ndio unaoifanya nyama iteleze na kuchambuka. Huwezi kuuharakisha kwa kuongeza moto. Ukiongeza moto utaunguza nje kabla ndani hakujalainika.

Hapa naomba mnisikilize kama dada yenu wa tumbo moja. Nunua nyama yenye mhuri wa ukaguzi wa daktari wa mifugo. Nguruwe wanaozurura na kula uchafu hupata tegu, na nyama yao huwa na vifuko vidogo vyeupe vyenye maji, vya ukubwa wa sentimita moja hivi. Ukila nyama hiyo ikiwa mbichi au imeiva nusu, unapata mnyoo wa tumboni. Mayai ya mnyoo huo, yanayotoka na choo cha mgonjwa, yakiingia kwenye chakula au maji ya mtu, huanguliwa tumboni, na viluwiluwi vyake vinaweza kufika mpaka kwenye ubongo. Shirika la Afya Duniani linautaja ugonjwa huo kuwa miongoni mwa sababu kubwa za kifafa kinachoweza kuzuilika. Upishi wetu wa leo unapita mbali joto linaloua vifuko hivyo, lakini ukiviona kwenye nyama usinunue, hata ukipunguziwa bei hadi nusu. Mwambie muuzaji, na umwambie jirani pia.

Ukifika nyumbani, toa ngozi kama ipo na uiweke pembeni, tutaihitaji. Acha mafuta ya juu yenye unene wa kidole kidogo, mengine punguza. Paka chumvi gramu kumi na tano kwa kila kilo, pande zote, ongeza pilipili manga iliyosagwa na sukari kidogo ukipenda. Lifunike, liweke kwenye friji lilale humo. Chumvi inahitaji usiku mzima kuingia ndani. Tangawizi, kitunguu saumu, limao, bizari na ndugu zao waacheni kwa leo. Najua mikono yenu inawasha kuongeza viungo, ila hapa tunataka moshi, nyama na siki visikike.

Moto

Asubuhi na mapema, saa kumi na mbili kama unataka kula jioni, washa mkaa. Mwenye jiko la nusu pipa, au jiko lolote la kuchomea lenye mfuniko, aweke mkaa upande mmoja tu na asubiri hadi vipande vifunikwe na jivu jeupe. Upande wa pili usiwe na moto kabisa. Chini weka trei ya maji ya moto, na juu yake, kwenye wavu, ndipo linapokaa bega. Mafuta yataangukia kwenye maji badala ya kuwaka. Funika. Joto ndani ya jiko liwe kati ya nyuzi 110 na 130 za Selsiasi. Ukiweza kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya upishi huu, nunua kipimajoto cha nyama, kile cha kuchomeka kwa sindano. Kila baada ya dakika 45 au saa moja ongeza vipande vichache vya mkaa vilivyokwisha kushika moto pembeni. Ukitupia mkaa mbichi mwingi kwa pamoja unaleta moshi mzito na joto linaruka.

Wenzetu hutumia kuni za hickory na mwaloni. Huku kwetu mwembe na mpera zinafaa sana, ilimradi ziwe zimekauka vizuri. Kipande kimoja cha unene wa mkono wa mtoto juu ya makaa, kikiisha weka kingine, na baada ya saa tatu za mwanzo unaweza kuacha kabisa; nyama imeshavuta moshi wa kutosha. Moshi unaotakiwa ni mwembamba, unaoonekana kwa shida. Ukitoka mnene na mweupe, fungua tundu la hewa moto upumue, la sivyo nyama itakuwa chungu. Msitumie msonobari, kwa sababu utomvu wake unatoa masizi, wala mbao za ujenzi zilizopakwa rangi au dawa.

Na usiye na jiko la mfuniko? Kumbuka mama zetu wanavyopika wali na keki: sufuria juu ya makaa machache, mfuniko, na makaa mengine yakapaliwa juu yake. Huko kupalia ni tanuri kamili, tena linalodhibitika kuliko mengi yanayouzwa madukani. Kwanza lipitishe bega kwenye makaa na kipande cha mpera kwa saa moja hivi, ukiligeuza lisiungue. Halafu tandika vitunguu vilivyokatwa vinene chini ya sufuria nzito, mimina nusu kikombe cha maji na vijiko viwili vya siki, laza bega juu ya vitunguu, funika kwa foili kisha mfuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Chunguza maji kila saa yasikauke, na ufanye kazi zako zingine hapo hapo karibu.

Wa kwenye maghorofa ya Minneapolis au Nairobi, mwenye oveni tu, aweke nyuzi 130 na alale usingizi. Hatapata moshi, ila atapata ulaini wote. Kuna moshi wa chupa unaouzwa. Mimi siushauri, siki nzuri inatosha kuziba pengo hilo. Jambo ambalo sitanii nalo ni hili: mkaa hauwashwi ndani ya nyumba wala kwenye baraza lililofungwa, hata mvua ikinyesha. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na inaua familia usingizini.

Saa ya kukata tamaa

Sasa niwaandae kwa kitakachowatisha. Bega litapanda joto vizuri kwa saa kadhaa, likifika karibu nyuzi 70 ndani, litasimama. Saa moja, saa mbili, kipimajoto hakisogei. Hapo ndipo watu wanamwaga mkaa wote uliobaki, au wanaitoa nyama wakisema imeiva. Haijaharibika kitu. Nyama inatoa jasho, na jasho hilo likikauka linaipoza kama mtungi unavyopoza maji. Joto lote unalolipeleka linaishia kukausha hayo maji. Vumilia, yakipungua itaanza kupanda tena. Ukibanwa na wageni, lifunge bega kwenye foili tabaka mbili na ulirudishe motoni. Jasho halitakuwa na pa kwenda na muda utapungua. Gharama yake ni kwamba lile ganda la nje, jeusi na lenye chumvi, litalainika. Mimi kama nina muda silifungi, kwa sababu ganda ndilo ninalolipigania. Lexington wateja wanaojua mambo huagiza makusudi vipande vya nje vilivyokauka vikawa kahawia.

Kwa usalama tu, nyama ya nguruwe ya kipande imeshaiva ikifika nyuzi 63 na kupumzishwa dakika tatu. Lakini usalama ni habari moja na kuchambuka ni habari nyingine. Sisi tunakwenda mpaka nyuzi 90, hata 95. Usiye na kipimajoto, shika mfupa wa bega kwa kitambaa uuzungushe: ukizunguka bila ubishi na kutaka kutoka wenyewe, umefika. Uma ukiuchomeka na kuuzungusha, nyama ifunguke. Kama bado inavutana, irudishe. Hesabu saa mbili mpaka tatu kwa kila kilo, kutegemea moto wako, na uweke saa moja ya ziada. Ni heri nyama iwasubiri wageni.

Ikitoka, ifunge kwa foili na taulo, ipumzike angalau nusu saa. Wakati huo ile ngozi uliyoiweka pembeni ikate vipande vidogo, ipake chumvi, iweke kwenye moto mkali au oveni ya nyuzi 200 hadi ivimbe na kuwa karakara. Pale Ayden ngozi iliyokauka hukatwakatwa pamoja na nyama, na mtu akila anakutana na laini na karakara kwenye tonge moja. Usiitupe.

Siki

Mchuzi uandae jana yake, siki na pilipili vizoeane. Vikombe viwili vya siki ya tufaha, kijiko kikubwa kimoja cha sukari, kijiko kikubwa cha pilipili kavu iliyopondwa, vijiko vidogo viwili vya chumvi, kijiko kidogo cha pilipili manga. Tikisa kwenye chupa mpaka chumvi na sukari viyeyuke. Hakuna kuchemsha. Siki ya tufaha ikiwa ghali ulipo, chukua siki nyeupe ya kawaida kikombe kimoja na nusu, ongeza nusu kikombe cha maji na kijiko kingine cha sukari, kwa sababu siki nyeupe ni kali zaidi. Anayetaka ya Lexington aongeze nusu kikombe cha tomato sosi. Utakapoionja peke yake itakukunja uso. Ionje tena ikiwa juu ya nyama.

Chambua nyama ikiwa bado ya moto kiasi, kwa uma mbili au kwa mikono yenye glavu. Toa madonge ya mafuta yasiyoyeyuka. Changanya ganda la nje na nyama ya ndani, kila sahani ipate vyote. Nyunyiza mchuzi kidogo, changanya, onja, ongeza. Nyama iloane, isiogelee. Chupa iwekwe mezani kila mtu ajiongezee. Kilo tatu mbichi zenye mfupa zitawapeni kilo moja na nusu hivi ya kuliwa, watu wanane hadi kumi wanashiba.

Kwao huliwa ndani ya skonzi laini pamoja na kabichi iliyokatwa nyembamba na kukolezwa siki, au na madonge madogo ya unga wa mahindi yaliyokaangwa. Nyie mna ugali, na ugali wa moto na nyama hii havina ugomvi wowote. Ndizi za kukaanga pia. Kachumbari nayo iwepo, ila punguza ndimu, siki imeshafanya kazi yake.

Neno la adabu. Wengi wetu tuna majirani, mawifi na marafiki Waislamu. Ukiwaalika, pika nyama yao kwenye jiko lao, na sufuria, visu, mbao na vijiko vyao, na uwaambie mapema kilicho nini. Usimfanye mgeni aanze kuuliza. Na msomaji wangu usiyekula nguruwe, yote niliyoandika yanakubali bega la kondoo au la mbuzi aliyenona. Mji wa Owensboro huko Kentucky unajulikana kwa kondoo wa kuchomwa polepole namna hii hii, kwa hiyo huazimi kitu cha mtu.

Kitakachobaki kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Kiingie friji, kiliwe ndani ya siku tatu au nne, kipashwe moto na kijiko cha mchuzi. Chupa ya siki yenyewe inakaa wiki nyingi.

Mkishapika niandikieni. Nataka hasa kusikia mmetumia kuni gani: aliyejaribu mparachichi, mkorosho au mkahawa anieleze moshi wake ulikuwaje, nitawaambia na wenzenu.